Unasoma Nini Sasa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kushirikishana Vitabu Moshi na Vitongoji Vyake

Ukurasa huu ni wa watu wa Moshi, kuanzia Majengo na Pasua hadi Rau, Kiboriloni na barabara ya Machame, ambao wana vikundi vya wasomaji au wanataka kuanzisha. Majibu yanahusu mambo mawili: namna ya kumweleza mwenzako unachosoma hadi naye atamani kukisoma, na namna ya kukifikisha kitabu mikononi mwake kisha kikarudi salama.

Kikundi cha wasomaji kikikutana kinafanya nini hasa?

Kila mtu anasema anasoma nini kwa sasa, kimemfanyia nini, na anadhani kinamfaa nani. Kisha vitabu vinabadilishana mikono. Si lazima wote msome kitabu kimoja. Kwa hapa kwetu kupata nakala nane za riwaya moja ya Kiswahili kwa wakati mmoja ni kazi kubwa, na vikundi vinavyojifunga kwa mpango huo huishia kuahirisha mkutano kila mwezi kwa sababu watu watatu hawajapata kitabu. Anzeni na mtindo wa kila mtu na chake. Mkizoeana, mnaweza kuchagua kitabu kimoja kwa mwaka mkakisoma pamoja.

Tukutane lini na wapi?

Jumapili saa tisa alasiri huwafaa wengi: ibada za asubuhi zimekwisha, watu wamekula, Wasabato wamemaliza siku yao, na aliyetoka Kiboriloni au Himo anawahi daladala kabla ya giza. Mkiwa na Waislamu, wekeni mapumziko ya swala ya alasiri badala ya kumwacha mtu aondoke kimyakimya. Mwezi wa Ramadhani fupisheni mkutano, kwa sababu jioni kila mtu anawahi kufuturu.

Watu sita hadi kumi wanatosha. Kwa watu wanane, kila mmoja akipata dakika tatu za kuzungumza na nne za maswali, mnatumia saa moja kasoro dakika nne, na inabaki nusu saa ya kuazimana vitabu na kunywa chai. Wakifika kumi na tano, wale wakimya hawatasikika tena. Gawaneni vikundi viwili.

Mahali pawe kimya. Mgahawa wenye televisheni ya mpira haufai, hata kama chai yake ni nzuri. Sebule ya mwanachama, chumba cha kanisa au darasa la shule baada ya ruhusa ya mwalimu mkuu ni bora zaidi. Ulizieni pia Maktaba ya Mkoa kama kuna chumba mnachoweza kutumia siku za kazi.

Niseme nini kuhusu kitabu changu?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na linawatesa zaidi wale waliofaulu vizuri fasihi shuleni. Tulifundishwa kukijadili kitabu kwa fani na maudhui, dhamira, wahusika na usawiri wao, halafu tumalizie kwa kusema kama mwandishi amefaulu au hajafaulu. Mbinu hiyo ni ya kujibu mtihani. Ukiileta kwenye kikundi, watu wanakusikiliza kwa adabu na hakuna anayekiomba kitabu. Vivyo hivyo sentensi ya "ni kizuri sana, kina mafunzo mengi": inaweza kusemwa juu ya kitabu chochote, kwa hiyo haimsaidii mtu kuchagua.

Sema mambo matano, kwa mpangilio wowote utakaokujia:

- Jina la kitabu, mwandishi, na unene wake. Mtu mwenye watoto wadogo anahitaji kujua kama ni kurasa 90 au 400.
- Umefika wapi.
- Hali inayoanzisha hadithi, kwa sentensi moja au mbili tu.
- Kitu kimoja mahsusi kilichokushika: mazungumzo fulani, namna mwandishi anavyoeleza soko, hasira ya mhusika, sura ambayo ulilazimika kuirudia.
- Kinamfaa nani, na nani hakitamfaa.

Tuchukue *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, iliyochapishwa 1999. Maelezo ya mtihani yatakuambia inahusu ukombozi, mapenzi na matabaka. Ni kweli, lakini hayamvuti mtu. Jaribu hivi: "Nipo theluthi ya kwanza. Ni Unguja ya wakati wa mkoloni. Yasmini ameozwa kwa Bwana Raza, mwanamume aliyemzidi umri mno, na ndoa imemshinda. Nilichopenda ni jinsi watu wanavyozungumza, Kiswahili cha Unguja chenyewe, unakisikia masikioni. Atakayekipenda ni mtu wa hadithi ya mapenzi ambaye hachoki siasa ikiingia. Asiyevumilia msamiati wa pwani aanze na kingine." Hapo watu wawili watainua mikono.

Ukiweza, soma aya moja kwa sauti. Iwe ya nusu ukurasa, usizidishe. Ichague nyumbani na uiwekee alama, maana kupekua kurasa mbele ya watu kunakula dakika zako zote tatu. Isome mara mbili ukiwa peke yako ili ujue pa kupumua. Aya nzuri ikisomwa vizuri humaliza ubishi wote kuhusu kama kitabu kinafaa.

Lazima niwe nimekimaliza?

Hapana. Anayezungumza akiwa katikati ya kitabu mara nyingi huwa na uchangamfu kuliko aliyekimaliza miezi miwili iliyopita. Hata kitabu ulichokiacha njiani kizungumzie. Sema uliishia ukurasa wa ngapi na kwa nini. Huenda sababu iliyokufanya ukiache ndiyo itakayomfanya mwenzako akitake.

Nisimwage mwisho wa hadithi namna gani?

Kwa riwaya za upelelezi, kama zile za Bwana Msa za Muhammed Said Abdulla au za Willy Gamba za Elvis Musiba, usivuke robo ya kwanza ya kitabu. Taja tukio lililoanzisha uchunguzi, basi. Usiseme hata "mwisho utakushangaza", kwa sababu msomaji mzoefu akishaambiwa hivyo huanza kumshuku kila asiyeshukiwa, na uhondo umekwisha.

Kwa vitabu vilivyosomwa mashuleni, wengi wanajua mwisho tayari, lakini si wote. Uliza kwanza: "Kuna ambaye hajasoma *Rosa Mistika*?" Mkono mmoja ukinyanyuka, linda siri kwa ajili ya huyo mmoja.

Sikukipenda kitabu ambacho mwenzangu anakipenda sana. Niseme?

Sema, ila ukiseme kitabu, usimseme aliyekileta. "Sura tatu za kwanza zilinichosha, kila mhusika anahutubia" ni kauli ambayo mwenzako anaweza kuijibu. "Sijui mnapendea nini vitabu hivi" haina jibu, na inamfanya asilete kitabu tena. Mkubwa wako kiumri akiwa ndiye aliyekipendekeza, anza na shukrani, taja ulichokipata, kisha useme palipokushinda: "Mzee, nashukuru kwa kitabu. Lugha yake nimeifaidi. Ila pale katikati nilipotea, ningependa unieleze ulipaonaje."

Riwaya za Euphrase Kezilahabi zinaleta ubishi huu mara nyingi. Anayempenda kwa *Rosa Mistika* ya 1971 akipewa *Nagona* ya 1990 anaweza kudhani amepewa mwandishi mwingine kabisa, maana ile ya kwanza inasimulia moja kwa moja na hii ya pili ni fupi, ya mafumbo, na haifuati njia ya kawaida ya hadithi. Hakuna aliyekosea hapo. Mwambie tu mapema anachokwenda kukutana nacho.

Nitengeneze vipi orodha ya vitabu ninavyovipenda?

Vitano vinatosha. Orodha ya ishirini haisomwi na mtu. Tena usichanganye vitabu unavyoviheshimu na unavyovipenda. Unavyovipenda ni vile umevirudia, au umenunua nakala ya pili baada ya ya kwanza kupotea, au unaviazimisha huku roho inauma. Kama *Kusadikika* cha Shaaban Robert kimo kwenye orodha yako kwa sababu tu ni cha Shaaban Robert, kitoe. Kama kimo kwa sababu ya Karama anayesimama mbele ya mfalme na kujitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita, kiache, na uandike hiyo sababu pembeni. Mstari mmoja kwa kila kitabu.

Na mtu akikuomba umpendekezee kitabu, usikimbilie orodha yako. Muulize kwanza vitabu vya mwisho alivyovimaliza bila kujilazimisha. Hata akijibu kwamba hajamaliza kitabu tangu kidato cha nne, hilo ni jibu la maana sana: mpe chembamba, chenye sura fupi, na kisicho cha mtihani.

Tuzungumzie vitabu vya Kiswahili tu?

Leteni vya lugha yoyote, mazungumzo yawe kwa Kiswahili. Kitabu kilichotafsiriwa kina faida yake ya pekee, kwa kuwa watu wawili wanaweza kukisoma kila mmoja kwa lugha yake kisha wakutane. *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, ipo kwa Kiswahili kama *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Tamthilia mbili za Shakespeare alizotafsiri Mwalimu Nyerere, *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*, zinafaa zaidi kusomwa kwa sauti, watu wakigawana wahusika. Wekeni mkutano mmoja kwa ajili hiyo.

Vitabu vyenyewe tunavipata wapi?

Anzeni Maktaba ya Mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Nenda na kitambulisho, uliza taratibu za uanachama na za kuazima. Maduka ya vitabu mjini yana vya shule zaidi, lakini rafu ya vitabu vya kiada na ziada ndimo zilimo riwaya na tamthilia nyingi za Kiswahili. Wauza vitabu vilivyotumika wanaopanga barabarani wana bahati zao, ukiwa na subira ya kupekua.

Desemba msiiache ipite. Watu wanaporudi nyumbani kwa sikukuu, mji na vijiji vya mlimani hujaa ndugu kutoka Dar es Salaam na kwingineko. Waombeni mapema, Novemba, kila anayekuja abebe vitabu viwili anavyoweza kuviacha. Ndio msimu ambao makabati ya vikundi vya huku hujaa.

Kitabu kilichotumika nikikague vipi kabla ya kulipa?

Fuata namba za kurasa. Vitabu vingi hukunjwa na kuunganishwa kwa mafungu ya kurasa 16 au 32, kwa hiyo kasoro ya kiwandani huonekana kama mruko wa ukubwa huo: ukurasa wa 64 halafu 81, au fungu moja limejirudia. Pekua haraka ukitazama namba tu. Kisha angalia kurasa za mwisho, maana ndizo hung'oka kwanza. Fungua katikati usikilize mgongo: ukilia kwa mkatiko mkavu, gundi imekufa na kurasa zitaachia. Nusa. Harufu ya ukungu haitoki kirahisi, na kitabu hicho kitaambukiza jirani zake kwenye rafu.

Nakala ya wizi huijulia kwenye herufi zenye kijivu na kingo za kuchakaa, mistari iliyopinda upande mmoja wa ukurasa, na picha ya jalada yenye ukungukungu. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, nayo husaidia. Wachapishaji wa Tanzania hutumia 9976 au 9987. Kwenye vitabu vya zamani vyenye tarakimu kumi ndizo zinazoanza, na kwenye vipya hufuata baada ya 978. Vya karibuni zaidi vinaweza kuwa na 9912.

Kuazimisha kunahitaji utaratibu gani?

Daftari la kaunta la kwaya mbili, mtu mmoja wa kulitunza, na penseli iliyofungwa kwa uzi. Kila kitabu kipewe namba, iandikwe kwa penseli ndani ya jalada la nyuma pamoja na jina la mwenye kitabu. Mstari wa daftari uwe na namba ya kitabu, jina lake, mwenyewe, aliyeazima, simu yake, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, na hali yake. Safu hiyo ya hali ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayozuia ugomvi. Andikeni kitu kinachoonekana: "jalada limechanika kona ya juu, uk. 112 una doa la chai." Kikirudi na doa la pili, hakuna ubishi.

Muda ni wiki tatu kwa kitabu cha kurasa 200. Mtu mwenye shughuli husoma kurasa kumi kwa siku bila kujitesa, hivyo siku ishirini zinamtosha. Cha kurasa 400 kipeni wiki sita. Wiki moja ni kidogo mno, mtu hukirudisha hajakisoma. Na miezi miwili ni mingi mno: kitabu kinazama chini ya magazeti na hakionekani tena.

Usiazimishe nakala iliyosainiwa na mwandishi, wala ile ambayo huwezi kuipata tena. Isomeni pamoja palepale. Na azimisheni kimoja kwa mtu kwa wakati mmoja, hata kwa yule mnayemwamini zaidi.

Kitabu hakijarudi. Tufanyeje?

Mara nyingi mtu hakukiiba. Hajakimaliza, anaona aibu kukirudisha hivyo, na kadiri siku zinavyokwenda aibu inakua hadi anaanza kukwepa mikutano. Kwa hiyo mwondolee aibu kwanza. Ujumbe utumwe kwake binafsi, kamwe usiwe kwenye kundi: "Habari za leo dada? Kile kitabu umefika wapi? Kuna mwenzetu anakisubiri. Kama hujakimaliza si neno, kilete Jumapili, utakichukua tena zamu yake ikiisha." Baada ya wiki mbili bila jibu, mpigie simu. Baada ya hapo mtu anayeishi jirani naye akipitie nyumbani.

Kikipotea kweli, aliyekipoteza alete kitabu kingine anachokubaliana na mwenyewe. Kudai pesa kwa kitabu cha zamani huleta maneno, kwa sababu bei yake halisi hakuna anayeijua.

Kimelowa. Kinaokoka?

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, vitabu vingi hulowa kwenye mabegi na kwenye bodaboda. Ukungu unaweza kuanza ndani ya siku mbili, basi fanya kazi siku hiyohiyo. Usikianike juani: kurasa zitajikunja na gundi ya mgongo itakauka na kupasuka. Kisimamishe wima, kurasa zimefunguka kama feni, sehemu yenye kivuli na upepo. Weka karatasi ya tishu nyeupe kila baada ya kurasa kumi na uibadilishe ikilowa. Magazeti yasitumike, wino wake unahamia. Kurasa za kung'aa, kama za vitabu vya watoto, zitenganishe moja moja zikiwa bado mbichi, la sivyo zitagandana na hazitaachana tena. Kikikaribia kukauka, kilaze chini ya uzito wa vitabu vingine usiku kucha.

Huna nafasi leo? Kifunge kwenye mfuko wa nailoni, kiweke kwenye friza, utakianika ukipata muda. Baridi husimamisha ukungu.

Jalada lililoachia lipake gundi nyeupe ya maji, ile ya mafundi seremala, kwa tabaka jembamba, kisha ligandamize hadi kesho yake. Supagluu hukauka ikawa ngumu na mgongo unavunjika mara ya kwanza kitabu kikifunguliwa. Selotepu hugeuka njano, hunasa vumbi, na ukiibandua inaondoka na karatasi.

Tunaweza kutumiana vitabu vya PDF kwenye WhatsApp?

Nakala zilizoskaniwa bila idhini, hapana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwandishi, na waandishi wa Kiswahili wanauza nakala chache kiasi kwamba kila faili linalozunguka linawaumiza. Kitabu cha karatasi mnachoazimana kinabaki nakala moja, ilhali faili likitumwa kwa watu mia linakuwa nakala mia. Picha ya jalada na maelezo yako yanatosha kwenye kundi. Mwandishi mwenyewe akitoa kazi yake bure, hapo mtumiane.

Kundi letu la WhatsApp limejaa vichekesho na matangazo. Tufanyeje?

Fungueni makundi mawili: moja la soga, moja la vitabu tu, ambalo ujumbe wake huanza na neno "Nasoma", "Natafuta" au "Naazimisha". Hapo mtu anaweza kutafuta "Naazimisha" na kuona vyote vilivyopo. Ujumbe wa sauti usizidi dakika mbili, na jina la kitabu liandikwe chini yake, maana sauti haitafutiki.

Watoto waje?

Waje, na wapewe dakika zao kama wakubwa. Mtoto wa miaka minane akieleza hadithi aliyosoma, asisahihishwe. Vitabu vya Kiswahili kwa umri huo vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991, umesaidia vingi kuchapishwa. Wasiojua kusoma wasomewe, dakika kumi tu, na waonyeshwe picha kabla ya maneno.

Na ambao macho yamechoka?

Mpangieni msomaji. Mama mwenye miaka sabini na mjukuu wa darasa la sita ni jozi nzuri: kijana anasoma sura moja kila jioni, na mkutanoni anayezungumza ni mama.

Tunaweza kubadilishana na kikundi cha Arusha?

Mnaweza, na ni karibu, kilomita kama 80. Tumianeni boksi moja kila miezi mitatu. Vitabu kumi na tano vya kurasa 200 vina uzito wa kilo nne hadi tano, mzigo ambao mtu mmoja anaubeba bila shida. Vifungeni kwanza kwenye nailoni nzito, kwa sababu buti la basi huingiza maji na vumbi, kisha kwenye boksi lisilobaki na nafasi ya kuvifanya vigongane. Andikeni orodha mbili zinazofanana, moja ndani ya boksi na moja kwenye daftari lenu, na mpige picha ya migongo ya vitabu vyote vikiwa vimepangwa. Jina na simu ya mpokeaji viandikwe juu na ubavuni, kwa kalamu isiyofutika kwa maji. Mtu wa Arusha asubiri basi stendi, alifungue boksi siku hiyohiyo, na atume picha yake ya vitabu vikiwa kwa mpangilio uleule.